Kadi Isiyo na Tarehe

Baba mdogo hakunipigia simu kuniuliza habari za chuo. Alinipigia kuniuliza kama mtu anayesoma historia anaweza kusoma kadi ya saa.

"Si wewe ndiye unayejua mambo ya nyaraka?" alisema. "Basi njoo Jumamosi. Kuna nyaraka huku."

Anaishi Mbagala, wilayani Temeke. Alikuwa amestaafu miezi minne kabla ya simu hiyo, baada ya zaidi ya miaka thelathini ya ukarani bandarini, na mafao yake yalikuwa yameshaingia. Ukoo mzima ulikuwa na mipango na fedha zile. Shangazi alitaka bati za nyumba ya kijijini. Binamu zangu walitaka bajaji mbili za biashara. Mama mdogo alitaka kisima. Baba mdogo mwenyewe alitaka saa ya mkono: Omega Seamaster, ya mtumba, aliyoonyeshwa na kijana mmoja wa Kinondoni. Bei yake shilingi 6,500,000, "pamoja na waranti yake ya miaka mitano".

Nilicheka, kwa sababu simjui Baba mdogo kama mtu wa anasa. Ni mtu anayekunja mifuko ya plastiki na kuitunza chini ya godoro. Mama mdogo hakucheka. Alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchicha, na kila bei ilipotajwa alisimamisha vidole.

"Muulize kwa nini," akaniambia. "Mimi nimeuliza, hanijibu."

Nikamuuliza. Baba mdogo akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa sababu hii ina karatasi zake." Halafu akanisimulia habari ambayo sikuwahi kuisikia, ingawa tasnifu yangu ya uzamili inahusu usambazaji wa bidhaa Dar es Salaam katika miaka ileile.

Babu alikuwa na saa. Alipewa na baharia wa meli moja ya kigeni katika miaka ya 1970, kama shukrani kwa msaada fulani ambao Baba mdogo hakuambiwa ulikuwa wa nini. Ilikuwa ya chuma, nzito, na Babu aliivaa sikukuu tu. Mwaka 1983, usiku mmoja, alimwamsha Baba mdogo, wakati huo kijana wa shule, akampa koroboi amshikie. Wakaenda hadi choo cha shimo nyuma ya nyumba yao pale Temeke. Babu akaivua saa, akaiangalia kwenye mwanga, akaitumbukiza. Walirudi ndani bila kusema neno, na asubuhi Babu akaenda kazini kama kawaida.

Sasa niseme kwa nini mtu mwenye akili timamu alitupa chooni kitu chake cha halali.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa na uhaba wa karibu kila kitu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula fedha. Bei ya mafuta ilipanda, fedha za kigeni zikakauka, viwanda vikakosa vipuri na malighafi. Sabuni, dawa ya meno, betri za redio na khanga vikawa vitu vya foleni, na palipo na foleni hapakosi ulanguzi. Mwezi Machi 1983 serikali ikaanza msako mkubwa wa walanguzi na wahujumu uchumi, ukiongozwa na Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine. Mwaka huohuo ikatungwa sheria maalumu ya uhujumu uchumi. Wako waliokamatwa na shehena kweli. Lakini hofu haikuchagua. Watu walitupa bidhaa vichakani na mabarabarani usiku, wengine wakafukia, kwa sababu swali lililosubiriwa mlangoni lilikuwa moja: umeipata wapi?

Babu alikuwa na jibu, ila hakuwa na karatasi. Baharia haandiki risiti. Na jina la baharia huyo, hata kama Babu alilikumbuka, lisingemsaidia mbele ya mgambo.

Nimesoma mafaili mengi ya wakati ule: orodha za mgawo, vibali, barua za malalamiko. Sikuwahi kufikiri kwamba katika historia hiyo kuna choo cha nyumbani kwetu. Baba mdogo alipomaliza kusimulia, Mama mdogo alikuwa ameacha mchicha wake. Nikaelewa kwamba sikuitwa kukagua saa tu. Kwa miaka yote hiyo mtu huyu alikuwa akingoja kuvaa saa ambayo akiulizwa ameipata wapi, atatoa kitu mfukoni.

Niliomba wiki moja. Nilitaka kwanza nijue hiyo waranti ni nini hasa.

Niliyoyapata ni haya, na nayaweka hapa kwa yeyote ambaye naye ana baba mdogo. Waranti ya saa kama hizi ni ahadi ya mtengenezaji, si ya kijana anayekuuzia Kinondoni. Rolex ilifikisha miaka mitano kwa saa zilizouzwa kuanzia Julai 2015. Omega ikafikisha miaka mitano kwa zilizouzwa kuanzia Novemba 2018. Kabla ya hapo muda ulikuwa mfupi zaidi. Na miaka hiyo haianzi siku wewe uliponunua. Inaanza siku saa ilipouzwa mara ya kwanza kabisa, katika duka lenye idhini ya kampuni. Mnunuzi wa pili au wa tatu hurithi siku zilizobaki, kama zimebaki. Ahadi inaifuata saa, haimfuati mtu, lakini inaifuata kwa kadi: kadi iliyojazwa sawasawa, yenye namba ya saa, tarehe ya mauzo na utambulisho wa duka. Kisha ahadi yenyewe ni nyembamba kuliko inavyotangazwa. Inagusa kasoro za kiwandani. Haigusi kioo ulichokigonga ukutani wala mkanda uliochakaa, na inakufa kama saa imefunguliwa na fundi asiye na idhini.

Kwa hiyo anayetaka kuhakiki ana kazi tano. Alinganishe namba iliyo kwenye kadi na iliyochongwa kwenye saa, tarakimu kwa tarakimu. Atafute tarehe ya mauzo ya kwanza, ahesabu mwenyewe. Asome jina la duka, kisha aliandikie duka hilo, kwa anwani aliyoitafuta yeye, si aliyopewa na muuzaji. Aulize saa imewahi kufunguliwa na nani. Kama ilifanyiwa huduma katika kituo cha kampuni, ipo karatasi ya huduma hiyo, na huduma ya Omega au Rolex ina dhamana yake ya miaka miwili. Mwisho aulize kama namba hiyo haimo katika rejista za saa zilizoibwa. Ipo moja London, The Watch Register, ambayo hupekua namba kwa malipo.

Nilipoyatazama hayo yote niliona kwamba nilikuwa nayajua. Ni yaleyale tunayofundishwa muhula wa kwanza: nani aliandika, lini, wapi, kwa ajili ya nani, na karatasi hii imepita mikononi mwa nani kabla ya kunifikia.

Jumamosi iliyofuata tukapanda daladala hadi Kinondoni. Kijana alitupokea kibarazani kwa nduguye, maeneo ya Mwananyamala, akatuletea viti na soda. Alimwamkia Baba mdogo shikamoo kwa kuinama kabisa. Alikuwa mchangamfu, msafi, na alikuwa na habari ya saa ile kwa urefu.

Ilitoka Muscat, alisema. Aliileta Mswahili mmoja wa kule aliyekuja likizo, akamwachia mtu wa Kariakoo kulipia deni, na mtu wa Kariakoo akamwachia yeye aiuze. "Na Muscat, mzee wangu, saa feki haziuzwi. Kule hata mfalme alikuwa anagawa saa."

Hapo hakudanganya. Sultani Qaboos bin Said, aliyetawala Oman kuanzia 1970 hadi alipofariki Januari 2020, alizawadia watu saa zenye nembo ya taifa lake, jambia, kwenye uso au mgongoni. Rolex za namna hiyo, nyingine zikiwa zimeagizwa kupitia duka la Asprey la London, leo zinagombewa minadani. Na Waswahili wa Muscat si hadithi. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 familia nyingi zenye asili ya Oman zilihama visiwani, na Qaboos alipochukua madaraka alifungua mlango kwa Waomani waliokuwa nje. Wengi wa waliotoka Zanzibar wakaingia na Kiswahili chao, na hadi leo wako Muscat wanaopika pilau na kugombana kwa lugha yetu. Saa inayosafiri kutoka kule hadi Kariakoo imefuata njia ambayo barua, halua, mahari na wajomba wameipita miaka nenda rudi.

Lakini habari ile ilikuwa na shimo. Zawadi ya mfalme, kama zawadi ya baharia, haina risiti ya aliyepewa. Na saa ya Baba mdogo haikuwa na jambia popote. Muscat ilikuwa imeletwa kibarazani pale ipambe tu.

"Tunaomba kadi," nikasema.

Kijana akaitoa kwenye kijaluba cha ngozi. Kadi ilikuwa nzuri. Nikachukua lenzi niliyoiazima, nikalinganisha namba ya kwenye kadi na namba iliyochongwa nyuma ya pembe moja ya saa, pale mkanda unaposhika. Nilisoma kwa sauti, Baba mdogo akifuatisha kwa kidole. Zilikuwa sawa zote. Baba mdogo akashusha pumzi, nami nikaona ameshaanza kuivaa moyoni.

Kisha nikageuza kadi. Mahali pa tarehe palikuwa patupu. Mahali pa muhuri wa duka palikuwa patupu.

"Hapa vipi?"

"Ah, hapo, dada," kijana akasema bila wasiwasi, "hapo ndipo uzuri wake. Haijajazwa. Tarehe mnajaza wenyewe. Hata mkitaka ya leo, mnaweka ya leo. Miaka mitano inaanza upya."

Wanaofanya biashara ya saa wanazijua kadi za namna hii, na haki niitende: kadi tupu peke yake haithibitishi kwamba saa ni bandia. Duka lenye idhini linapobaki na saa zisizouzika, wakati mwingine huzitoa kwa mlango wa nyuma kwa wafanyabiashara wasio na idhini, kwa bei ya chini. Duka haliachi jina lake kwenye kadi, kwa sababu kampuni ikijua italinyang'anya idhini. Saa inaweza kuwa ya kweli kabisa na kadi ya kweli kabisa, ila ahadi haina mwenye kuitoa. Hakuna duka la kuliandikia, wala hakuna siku ya kuanzia kuhesabu.

Saa yenyewe, hata hivyo, ilikuwa na tarehe yake ya namna nyingine. Mgongo wake ulikuwa wa chuma kitupu, umechongwa farasi wa baharini. Seamaster ya kawaida ya wapiga mbizi ilipobadilishwa mwaka 2018, mgongo ukawa wa kioo, mitambo ikaonekana. Kwa hiyo iliyokuwa mbele yetu ilikuwa ya toleo la zamani. Ingeweza kukaa rafuni na kuuzwa baadaye, sikatai. Lakini kwa uwezekano mkubwa iliuzwa mara ya kwanza kabla ya waranti ya miaka mitano kuwapo.

Baba mdogo akapendekeza twende kwa fundi. Kijana hakupinga, na hilo nililihesabu upande wake. Tulitembea hadi kwa fundi saa mmoja mtu mzima, mwenye meza yenye kioo chini ya ngazi za jengo. Aliipokea saa kwa kitambaa. Hakuifungua. Aliiweka sikioni, akatega, akaigeuza, akaikagua mgongo kwa muda mrefu na lenzi yake jichoni.

"Nikiifungua mimi," akasema, "hata kama ilikuwa na waranti, nimeiua. Mimi si mtu wao." Akaigeuza kwenye mwanga ili tuone. "Ila naona mwenzangu amenitangulia. Tazameni hapa kwenye meno ya kufungulia. Hizi ni alama za mtu aliyelazimisha. Hakuwa na kifaa chake."

Tukainama wote wanne juu ya mikwaruzo ambayo isingemzuia mtu yeyote kuvaa saa. Mtu fulani, mahali fulani kati ya kiwandani na Kinondoni, aliifungua saa hii kwa kifaa kisicho chake. Aliweka nini, alitoa nini, kadi haikujua.

Tukarudi kibarazani. Saa ilionyesha saa nane kasoro, jua la Dar limesimama utosini. Hapo ndipo Baba mdogo alipofanya jambo ambalo nimelifikiria sana tangu siku hiyo. Aliichukua kadi, akaiweka mbele yangu, akatoa kalamu kwenye mfuko wa shati.

"Mwanangu," akasema, taratibu, "wewe una mwandiko mzuri."

Hakuwa mjinga. Alishajua kwamba hakuna kituo chochote kitakachoipokea kadi ile. Hakutaka kumdai mtu matengenezo ya bure. Alitaka karatasi iliyokamilika ya kuweka kwenye bahasha. Kama mwaka 1983 kungekuwa na mtu wa kumwandikia Babu mistari miwili yenye tarehe, saa ile ingekuwa mkononi mwa mmoja wetu leo. Nani angedhurika?

Nilikuwa nimeshika kalamu. Nakiri hivyo kwa sababu sisi wasomi hupenda kusimulia kana kwamba uongo tuliukataa kabla haujafika mezani. Nilimtazama mtu aliyenilipia ada ya kidato cha tano na sita, na niliona ningeweza kuandika tarehe moja ndogo kwa ajili yake.

Nilichokumbuka ni kisa kilichotokea mbali, kwenye meza kubwa kuliko yetu. Novemba 2021, mjini Geneva, nyumba ya mnada ya Phillips iliuza Omega Speedmaster ya mwaka 1957 kwa zaidi ya faranga za Uswisi milioni 3. Aliyeinunua alikuwa Omega yenyewe, kwa ajili ya makumbusho yake. Mwaka 2023 ikabainika kwamba saa ile ilikuwa ya kuunganishwaunganishwa, vipande vya huku na huku, na kampuni ikasema watu watatu waliokuwa wafanyakazi wake walihusika. Kampuni yenye kumbukumbu zake, wataalamu wake na jina lake, iliuziwa karatasi nzuri. Kama kwao mtu wa ndani aliweza kuipa saa historia isiyo yake, mimi na kalamu ya bluu tungefanya hivyohivyo kwa udogo wetu, na atakayekuja baada yetu angeisoma kadi ile na kuiamini, kwa sababu ingekuwa imejazwa kwa mwandiko mzuri.

Nikaiweka kalamu chini. "Baba mdogo, siwezi."

Hakukasirika. Alinyamaza, akanywa soda yake. Nilidhani safari imeisha pale. Kumbe hakuwa amemaliza.

Hapa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu alichofanya baadaye ni cha zamani kuliko kadi zote za Uswisi. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka mwambao kwenda bara ilibeba vitambaa, shanga na nyaya za mkopo. Tajiri wa Zanzibar alimpa mfanyabiashara mali, akangoja mwaka, miaka, hadi pembe za ndovu zirudi. Tippu Tip alikopeshwa hivyo na Taria Topan. Hati ziliandikwa, na mashahidi wakawekwa, lakini kilichoaminiwa kilikuwa mtu: jina lake, nduguze, mlango wake unaojulikana. Hadi leo Kariakoo mali ya kuchukua sasa na kulipa baadaye inaitwa mali kauli. Sisemi zama zile zilikuwa njema. Uaminifu ule wa matajiri ulibebwa mabegani na watu walionunuliwa na kuuzwa, na hakuna aliyewapa wao kauli yoyote. Nasema tu kwamba biashara ya mbali, kati ya watu wasioonana, ilikuwa na njia yake ya kuuliza: nani anasimama nyuma ya kitu hiki?

Maneno yetu yanalikumbuka swali hilo. Dhamana tuliichukua kwa Waarabu, na inadai mdhamini, mtu wa kushikwa. Aibu nayo ilitoka huko, na kwa Kiarabu maana yake ni kasoro. Katika sheria ya Kiislamu ya biashara, ambayo makadhi wa mwambao waliitumia tangu zamani, muuzaji anayejua kasoro ya mali yake anawajibika kuisema, na mnunuzi akigundua kasoro iliyofichwa ana khiyari ya kurudisha. Kiswahili kimeihamisha kasoro kutoka kwenye bidhaa hadi usoni mwa mtu.

Hata sheria ya serikali haiko mbali na hapo. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, ilirithi mengi kutoka sheria ya Uingereza ya 1893, nayo inatofautisha sharti na dhamana. Sharti likivunjwa, mnunuzi anaweza kuikataa bidhaa. Dhamana ikivunjwa, anadai fidia tu. Na kitu kinachouzwa kwa maelezo kinapaswa kulingana na maelezo hayo. Hilo ni sharti. Yaani sentensi moja ya muuzaji, iliyoandikwa na kusainiwa, inaweza kumlinda mnunuzi wa Mbagala kuliko kadi nzima ya Uswisi.

Baba mdogo hakuwa na habari na Sura ya 214. Alikuwa karani. Alitoa karatasi mbili zenye mistari, akaandika juu MKATABA WA MAUZIANO, kama watu wanavyofanya wakiuziana pikipiki au kiwanja. Akaandika majina, bei, namba ya saa. Kisha akaandika kwamba muuzaji anathibitisha saa hii ni Omega halisi, kwamba vilivyomo ndani yake ni vya kampuni hiyo, na kwamba isipokuwa hivyo ataipokea na kurudisha fedha zote ndani ya siku 60. Akaacha nafasi za mashahidi wawili na muhuri wa serikali ya mtaa.

"Kadi yako tuiache," akamwambia kijana. "Mimi nataka kauli yako. Saini hapa, Jumatatu tunakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nakupa fedha zako zote."

Kijana alisoma. Alisoma mara ya pili, polepole, midomo ikichezacheza. Uchangamfu ulimtoka, akabaki na umri wake. Nadhani hakuwa amenizidi hata miaka miwili.

"Mzee," akasema mwishowe, "naweza kuandika kwamba nimekuuzia. Siwezi kuandika kwamba ni yenyewe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sijui. Na mimi nimepewa."

Baba mdogo akaitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama mtu aliyesikia jina analolifahamu. Akaikunja mikataba yake miwili. Akamshukuru kijana yule, na hakuwa akimkejeli. Alimwambia amefanya vizuri kutosaini. Kijana alitusindikiza hadi kituoni, akatubebea hata mfuko, na ninapoandika haya namtakia mema, kwa sababu fedha ile aliihitaji na angeweza kusaini tu kisha akazima simu.

Kwenye daladala ya kurudi hatukuzungumza hadi tulipokaribia Mtongani. Ndipo nikamuuliza saa ya Babu ilikuwa ya kampuni gani.

"Wala sijui," akasema. "Sikuwahi kuisoma. Koroboi lilikuwa linatikisika."

Mwezi uliofuata Mama mdogo alipata kisima chake. Baba mdogo alikwenda dukani Kariakoo akanunua Seiko mpya, yenye waranti ya mwaka mmoja, akapewa risiti ya EFD. Mwenye duka alishangaa mteja wake alipoigeuza risiti ile, akamsukumia kalamu, akamwomba aandike nyuma jina lake, namba ya saa na tarehe, kwa mkono wake. Akaandika.

Karatasi ya risiti hizo haipendi joto. Nilipokwenda Mbagala wiki iliyopita aliitoa kwenye bahasha kunionyesha: maandishi ya mashine yameshaanza kupauka, bei haisomeki vizuri. Ametoa nakala mbili kwa mtu wa stesheneri, moja akanipa mimi niitunze. Mwandiko wa mwenye duka, nyuma, bado uko palepale.